Punje Tulizozipasua kwa Meno

Mimi na mama tunatengeneza fromaji, yaani jibini, huku Butembo kwa maziwa yanayotoka Kipese. Hapa kuna baridi, fromaji inakaa bila shida. Shida iko Beni, kwenye joto, ambako mama mmoja mwenye duka huchukua fromaji zetu sita kila juma. Mara mbili zilikuwa zimeota ukungu kabla hajaziuza. Akapiga simu: zikiharibika tena, atatafuta watu wengine. Sisi hatuna mnunuzi mwingine.

Ndipo agronome mmoja kijana, bwana shamba wetu, alipotuletea kichupa cha punje ndogo kama mtama. Alisema ndani ya kila punje mna mafuta ya karafuu na mchaichai, yanayoua vijidudu. Ganda linayaachia kidogo kidogo kwa siku nyingi, ili yasiishe upesi wala fromaji isinuke karafuu.

"Mama, mutatia tu mu maziwa yenye kuganda. Kingine hapana."

"Aksanti, mwanangu," mama alisema. Pikipiki ilipokata kona, akaniangalia. "Huyu hajalea batoto."

Kwetu, mtoto akijikata, mama hufungua kidonge cha ganda, humwaga unga juu ya kidonda, na ganda hulitupa. Kwake ganda ni kama jani la ndizi: linakuja na chakula, lakini si chakula. Basi tulikaa uani pamoja na nyanya, tukapasua punje moja moja kwa sindano. Sindano ziliteleza, tukahamia kwenye meno. Tulitema mafuta kwenye kikombe, tukayamimina katika maziwa yanayoganda, maganda tukawatupia kuku.

"Na mate yetu, mama?"

"Si iko dawa ya kuua vijidudu? Itaanzia kwa yetu."

Nyanya, ambaye hana meno, alibaki na sindano na kutusimamia.

Kufikia fromaji ya tano, karafuu ilikuwa imetutia ganzi ndimi. Jirani alitusalimia kutoka barabarani. Tukamjibu "mmm" mimi na mama, naye akaharakisha mwendo. Nilitaka kumwambia mama kwamba nimechoka, lakini mimi kusema hunipa taabu hata siku ulimi ukiwa mzima. Alipoingia jikoni, nikamwaga punje zilizobaki, nzima nzima, katika maziwa ya fromaji ya sita.

Siku ya nne baada ya kuzipeleka, simu ya Beni ililia. Mama akaweka sauti kubwa.

"Mama, munanitumia fromaji ao dawa ya meno? Batu banaonja, banaenda kusukutua! Na leo zote tano ziko na ukungu."

Mama akakaa chini juu ya ndoo.

"Lakini hii ya sita, abwe! Tamu, safi, hata alama hapana. Juma inakuja ulete zote sita sawa hii. Kama hapana, tunaachana."

Simu ikakatika. Mama akanigeukia.

"Ya sita ulifanya nini?"

"Nilichoka, mama."

Mama akamwendea nyanya, aliyekuwa ameanza kupasua punje za kichupa kipya cha agronome, akamtoa sindano mkononi kwa heshima.

"Juma hii," akasema, "tutachoka tangu ya kwanza."