Mama Anakitafuta Kisiki Kilichomuua Mdogo Wangu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Jina langu lificheni na kijiji msikitaje, maana Pemba hii mtu akipiga chafya Wete, Kisiwa Panza wanajua kapata mafua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, mama wa watoto wanne. Mume wangu ni sheha, yaani serikali ya hapa kijijini ndiyo yeye. Amri ikitoka juu, yeye ndiye wa kuifikisha kwa watu na kuisimamia.

Mwaka jana ilikuja amri kwamba mwenye bunduki isiyo na kibali aisalimishe kituoni, wala hatoulizwa kitu. Hapa kwetu yapo magobore ya tangu mababu, ya kufukuzia kima wanaomaliza mihogo. Wanaume wakakaa barazani baada ya sala ya Ijumaa, mume wangu akawaambia, "Sheria hino wametunga watu wasolima muhogo. Mie sin'nyang'anyi ntu gobore la babuye." Wakampa mkono mmoja mmoja. Askari walipokuja aliwaambia hapa hamna hata moja, na mimi nikawaletea chai na mkate wa ajemi, hali gobore lake liko chini ya godoro letu. Sijisafishi. Siku ile nilijiona nimeolewa na mwanamume kweli.

Miezi mitatu sasa. Mdogo wangu wa kike, wa tumbo moja, alikwenda shambani kwetu kuchuma kisamvu. Mimi ndiye niliyemwambia aende. Mume wangu alikuwa upande wa pili na gobore, akaona majani yanatikisika, akadhani kima. Alirudi nyumbani mbio, mikono imejaa damu, analia: "Nimemuua shemegi yangu!" Wazee wakamkalisha, na kabla ya adhuhuri wakawa wamekwishapitisha neno: mdogo wangu kaanguka juu ya kisiki. Akishikwa sheha, walisema, na sisi sote tumekwisha.

Nilimwosha mimi na bibi anayeosha maiti hapa kijijini. Kifua kilikuwa na matundu. Kila tukimimina maji yanatoka mekundu, nikawa nayaziba kwa pamba, moja baada ya jingine, mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Bibi akaninong'oneza, "Mwanangu, mwosha maiti hustiri alokiona. Ukitoka hapa, ulimi wako uwache hapa." Nikaitikia, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini kinachostiriwa ni aibu ya maiti, na mdogo wangu hakuwa na aibu yoyote. Aibu ni yetu sisi tuliobaki.

Mama yetu anakaa Kisiwa Panza. Mpaka avuke na kupata gari, alikuta kaburi. Tangu hapo yuko kwangu, na kila siku anakwenda shambani kukitafuta kisiki. Anasema, "N'onesheni nkin'goe, kisije kikaua mwana wa ntu mwengine." Anapapasa chini ya mihogo kwa mikono yake mpaka jua kali. Mume wangu si mtu mbaya, wallahi. Amekonda, hali chakula akashiba. Juzi hakuweza tena kumtazama mama, akachukua kipande cha mkarafuu mkavu akaenda kukifukia pale shambani, kiwe ndicho kisiki.

Jana mama kakiona. Kakichimba peke yake, kakibeba kichwani mpaka uani, kakaa mbele yake analia. Nilidhani sasa moyo wake utatua, na mimi nitapata usingizi juu ya godoro lile, ijapokuwa gobore bado liko chini yake.

Nikisema, baba wa wanangu anakwenda jela na kijiji kizima kitanigeuzia mgongo. Nikinyamaza, namdanganya mama aliyenizaa mpaka naye nimwoshe.

Leo asubuhi kaniita uani. Alikuwa anakigeuzageuza kile kipande, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona kisiki kino hakina mizizi?"

Nimekimbilia jikoni na bado ananisubiri. Nishaurini jamani, nimjibu nini?