Mashudu ya Mwenye Mashine

Kila nikisikia redioni kwamba nchi yetu imefaidika na soko la pamoja, natamani kumshika msemaji mkono nimpeleke Ihanja, kwenye banda la baba, akaione faida yenyewe ilivyofungiwa kufuli.

Baba alikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Utaratibu wake ulikuwa ule ule wa wenye mashine wote wa pale kwetu: mkulima analeta alizeti yake, anakamuliwa bure, anaondoka na mafuta yote. Mashudu, yale makapi yanayobaki, ni ya mwenye mashine. Ndiyo ujira wake. Hakuna aliyeandikishana na mtu. Baba aliyauza kwa wafugaji, na kiangazi ng'ombe wao waliishi kwa hayo. Sisi watoto tulisomeshwa na mashudu, na anayetaka kucheka acheke.

Kosa nililifanya mimi. Nilikuwa tayari na duka langu Singida mjini. Siku moja akaingia dereva wa lori kutoka kwa jirani zetu wa kaskazini, akanunua maji, akaniuliza kama namjua mtu mwenye mashudu. Ng'ombe wa maziwa wa kwao wanayalilia, alisema, na siku hizi sisi ni jumuiya moja, anavuka mpaka na karatasi yake bila ushuru. Nikampa namba ya baba, nikijiona nimefanya la maana. Mgeni njoo mwenyeji apone, si ndivyo tulivyolelewa?

Na kweli tulipona, sitaficha. Msimu ule mama alijengewa jiko la bati, na baba akaifunga mashine injini mpya. Wafugaji wetu wakaanza kurudi na magunia matupu kwa sababu lori lilikuwa limewatangulia. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, na sikushtuka.

Msimu uliofuata wakulima wakafumbuka macho. Jirani yetu mmoja, mama aliyekuwa akikamua kwa baba tangu niko shule ya msingi, alisimama mlangoni pa banda na dumu lake limejaa mafuta, asitake kuondoka.

"Shikamoo, mzee. Naomba na mashudu yangu."

"Marahaba. Yamekuwa yako tangu lini?"

"Tangu yalipoanza kupanda lori."

Baba akampa. Kesho yake wakaja wanne. Akawaambia basi walipie kukamua, wakanuna, wakamwita mchoyo, mtu aliyewakamulia bure miaka yote ile. Mwaka wa tatu lori halikuuliza habari za mashudu. Lilisimama barabarani likanunua alizeti yenyewe, na majirani walewale wakapanga foleni. Siwasamehe. Najua pia kwamba walikuwa wanauza mali yao, tena kwa bei ambayo baba zao hawakuwahi kuiota. Yote mawili ni kweli na yote mawili yananiudhi.

Halafu yakaja mafuta. Malori hayakuwa yakija matupu tena. Yalileta madumu ya njano ya mafuta ya mawese, hayana rangi wala harufu. Mawese hayo yametoka mbali kabisa, ng'ambo ya bahari, yakasafishwa kwa jirani, yakabandikwa karatasi inayosema ni mzaliwa wa jumuiya. Uongo mtupu, lakini umepigwa muhuri. Mafuta ya baba yangeshindana vipi na bei ile?

Nami niliyauza dukani kwangu. Nisipouza mimi, anauza wa duka la pili. Ndivyo nilivyojiambia, na bado najiambia.

Mwaka jana baba alikuja kunitembelea. Nilimkaangia kuku. Aliinamia sahani, akanusa.

"Mama," akaniita kama anavyoniita tangu utotoni, "haya yamekamuliwa wapi?"

"Sijui, baba."

Akala yote, akanawa, akashukuru. Ningependa angeisukuma ile sahani.

Juma lililopita yule dereva akanipigia simu. "Dada, nimeona nikujulishe. Ile mashine ya mzee nataka kuja kuichukua. Huku kwetu kuna mtu anaihitaji." Nilimwambia mashine haiuzwi. Nilimwambia ameshachukua mashudu, ameshachukua alizeti, sasa anataka na chuma. Nilimwambia na mengine ambayo mama asingependa kuyasikia kinywani mwangu. Nikamkatia simu kabla hajajibu.

Jioni nikampigia baba kumsimulia nilivyomkomesha. Nilitegemea acheke.

"Mama," akasema, "mimi ndiye niliyemtafuta. Nikamwomba akwambie yeye, maana mimi niliona haya."