Tangazo la Majani ya Chai

Leo nilikuwa dukani nachagua mkeka, harufu ya miyaa, majani ya kusukia, iliyochemshwa na rangi ikanipeleka barazani kwetu Zinga. Nikamwona mama anasuka ukili, ule mkanda mrefu wa kushonea mkeka, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha.

Siku ninayoikumbuka walikuja watu wenye kamera kurekodi tangazo la majani ya chai. Mkubwa wao, kaka mmoja mwenye miwani ya jua, alimwamkia mama vizuri, kisha akamweleza kazi: ajilaze mkekani mchana kweupe, akorome, mpaka kikombe cha chai kimwamshe.

"Kwa nini nilale?" mama akauliza, huku anasuka.

"Ni tangazo tu, mama. Si mnajulikana, watu wa Pwani mnapenda kulala!"

Mama alikuwa ameshalima na kurudi, na mkeka wenyewe aliushona yeye. Nilidhani atamfukuza. Badala yake akasogea kumpa nafasi mkekani.

"Mimi kulala mchana sijui, baba. Hebu nionyeshe."

Kaka akavua viatu, akajilaza, akafumba macho. Kivuli kilikuwa kizuri, upepo wa bahari unapita, na yeye alikuwa safarini tangu alfajiri. Tulichosikia baada ya hapo ni kukoroma.

Mwenzake wa kamera alicheka kimyakimya. Mama akaweka kidole mdomoni kutuashiria tusimwamshe, akaendelea na kazi. Ukili ulipokuwa mrefu wa kufika mlangoni, akamimina chai, akamgusa yule kaka begani.

"Amka, baba. Chai tayari."

Na kamera, nililiona hili kwa macho yangu, haikuwa imezimwa.