Bunduki Nyepesi ya Mama Mizani

Mama yangu mdogo alifanya kazi kwenye ghala la nafaka miaka thelathini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kupima magunia. Watu wakamwita Mizani, jina likamganda mpaka mumewe naye akawa anamwita hivyo. Mkono wake ulikuwa na akili zake wenyewe. Siku moja mfanyabiashara fulani alikuja na jiwe lake la kupimia, la kilo mbili, akidai mawe ya ghalani yamechakaa. Mama mdogo akalinyanyua, akalitikisa kidogo kiganjani, akamrudishia.

"Kaka, hili limetobolewa tumboni."

Wakaligeuza. Kweli, chini palikuwa na tundu lililozibwa kwa nta. Mfanyabiashara yule akaona njia ya mlango upesi kuliko alivyoingia.

Alipostaafu, yeye na baba mdogo walihamia kwenye shamba lao la alizeti nje kidogo ya mji. Adui wa alizeti ni ndege. Njiwa-mwitu na kunguru wanaijua siku ya kukomaa kuliko mwenye shamba. Baba mdogo alikuwa na kibali cha kuwawinda, na bunduki yake ilikuwa ya marisau, zile chembe ndogo za risasi zinazotawanyika, mitutu miwili, namba kumi na mbili, nzito kama mchi. Kila asubuhi alizunguka nayo shambani, na kwa misimu kadhaa ndege walimheshimu.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Baba mdogo alituficha karibu mwaka mzima. Asubuhi moja akamlenga kunguru aliyetua kwenye ukingo wa kisima, akafyatua. Hakuwa kunguru. Ilikuwa ndoo nyeusi ya plastiki, na mama mdogo alikuwa ameiacha pale dakika tano tu kabla.

Baba mdogo aliingia jikoni, akaifungua bunduki, akatoa risasi, akailaza mezani.

"Mizani, leo nimeua ndoo."

Mama mdogo alitaka kucheka. Alipomtazama usoni, akamvutia kiti.

"Siishiki tena," baba mdogo akasema. "Tafuta mtu wa kulinda, au tuwaachie ndege shamba lao."

"Mtu wa kulinda umeshampata. Unaongea naye."

Hakuwa mtu wa kusema akaacha. Alikwenda kuomba kibali kwa jina lake, akahudhuria mafunzo ya usalama akiwa mwanamke pekee darasani, tena mwenye umri wa kuwazaa wengine wote. Tatizo lilikuwa bega. Miaka mingi nyuma gunia lilimdondokea ghalani likamvunja mtulinga wa kulia, na mfupa ulipounga haukukaa sawa. Siku ya kwanza kuijaribu ile namba kumi na mbili, alilipiga kopo alilolenga, kisha akakaa chini bila kupenda. Mimi ni muuguzi. Nilipomfungua blauzi, bega lilikuwa zambarau kama biringanya.

"Mama mdogo, bunduki haikufai."

"Bunduki inanifaa, mwanangu," akasema, akikunja uso kwa ubaridi wa barafu niliyomwekea begani. "Hii ndiyo hainifai."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda watatu kwenye duka la bunduki mjini. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mnene, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alimkaribisha baba mdogo kiti, akaanza kumweleza yeye. Baba mdogo akamkatiza kwa upole. "Mteja ni huyu. Mimi nimekuja kusikiliza."

Muuzaji akacheka kwa aibu, akashusha bunduki moja ya mitutu miwili, mpya, inang'aa, imechorwa maua ubavuni. "Basi mama, hii akina mama wanaipenda. Kilo mbili na nusu tu."

Mama mdogo akaifungua kwanza kuhakikisha haina kitu, akaipokea kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Hii ni kilo mbili na robo tatu," akasema. "Na hiyo robo imekaa huku mbele. Itanivuta mkono."

"Mama, imeandikwa kwenye karatasi."

"Karatasi haijanyanyua bunduki."

Muuzaji akaichukua, akaipeleka kwenye mizani yake ya vifurushi. Kilo mbili, gramu mia saba na arobaini. Akavaa miwani, akasoma tena. "Mama, ulikuwa jeshini?"

"Ghalani."

Kuanzia hapo waliongea kama mafundi wawili. Muuzaji alimweleza kwamba kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tundu la mtutu linavyokuwa jembamba: ishirini ni nyembamba kuliko kumi na mbili, ishirini na nane ni nyembamba zaidi. Akamwonyesha pia ile ndogo kuliko zote, ambayo mtu angeweza kuibeba kama mwavuli. Mama mdogo aliipenda mkononi. Lakini alipoona risasi yake, akauliza inabeba marisau kiasi gani. Alipojibiwa kwamba ni machache, akairudisha.

"Kwa mtu mwenye shabaha, sawa. Mimi ndiyo kwanza najifunza. Sitaki kumjeruhi ndege akafie kichakani siku ya tatu."

Iliyofuata ilikuwa namba ishirini, ya madini mepesi, nyepesi hata kuliko ile ya maua, na bei yake si ya kutisha. Baba mdogo akaishika, akaipapasa kutoka kitako hadi midomo. "Chukua hii," akasema. "Risasi zake zipo kila mahali."

Nyuma ya duka palikuwa na uwanja wa kujaribia. Mama mdogo akapiga risasi mbili, akarudi akiwa ameuma meno. Nilidhani atalaumu bega.

"Nimeelewa kitu," akamwambia muuzaji. "Mimi nilifikiri nyepesi ndiyo dawa. Kumbe teke la risasi ni lilelile, ila bunduki ikiwa nzito inakula nusu yake. Hii haili kitu. Yote imeniachia mimi."

Muuzaji akaguna kwa kukubali. "Wapo wanaonunua tatu kabla ya kulijua hilo."

Akaingia chumba cha ndani, akatoka na bunduki iliyotumika, namba ishirini na nane, mitutu imelala ubavu kwa ubavu. Mti wa kitako ulikuwa umepauka, wenye mikwaruzo mingi. Ilikuwa ya daktari wa mifugo aliyehama. Mama mdogo akaifunga, akaielekeza kwenye dirisha, akakagua kama mwanga unapenya pale mitutu inapofungia. Haukupenya. Akaitikisa karibu na sikio. Kimya. Akachungulia mitutu kama imebonyea. Alipoipiga, kwa kuwa risasi yake ni ndogo, bega lilipokea msukumo wa mtu anayekuomba upishe, basi.

"Kilo mbili na nusu," akasema. "Kasoro kidogo."

"Nichukulie ndiyo?" muuzaji akauliza. "Lakini nisikufiche, mama. Risasi za namba hii si kila duka linazo. Itabidi uagize mapema."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kufungua pochi nitoe kalamu ya kumjazia fomu. Mama mdogo akaiweka bunduki juu ya meza.

"Nitarudi wiki ijayo."

Njiani baba mdogo alinung'unika mpaka akachoka. Hakujua mke wake anakusudia nini. Kesho yake nilimkuta uani na mpini wa jembe, ameufunga vifuko vya mchanga, anaupima kwa mizani ya kuning'iniza aliyopewa zawadi ya kustaafu. Kisha akauinua begani kama bunduki, akahesabu mpaka kumi, akaushusha, akauinua tena. Alikuwa akitafuta mkono wake unachokea wapi. Kwa kilo mbili na robo tatu, ulianza kutetemeka mara ya kumi na nane. Kwa kilo mbili na nusu, alifika arobaini, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

"Wenzako wananunua kwa macho," baba mdogo alimwambia kutoka barazani.

"Wenzangu hawajawahi kuvunjwa na gunia."

Siku ya tano alipiga simu dukani, akaagiza ile ya daktari wa mifugo pamoja na risasi za kutosha msimu mzima. Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya maua.

Kitako kilikuwa kirefu kwake. Hapo ndipo baba mdogo alipoamka. Alimsimamisha mkewe katikati ya chumba, akampima kwa vidole kutoka kwenye kiwiko hadi kidole cha kufyatulia, akapima na bunduki, akasema kipunguzwe vidole viwili. Mama mdogo, aliyekuwa hamwamini mtu kwenye vipimo, akachukua futi akahakikisha. Vidole viwili kamili. Fundi wa mbao akakikata siku hiyohiyo.

Wiki za kwanza alikosa zaidi ya alivyopata. Alifyatua nyuma ya ndege, kila mara nyuma, mpaka baba mdogo, ambaye alikuwa akisikiliza tu kutoka barazani, akaomba fimbo yake na kumfuata shambani. Akasimama nyuma yake, kiganja mgongoni mwa mkewe.

"Unasimamisha mkono ukifyatua. Nausikia mgongo wako unakaza. Usisimame, endelea kwenda naye."

Tangu siku hiyo wakawa wanatoka wawili. Baba mdogo anasikia mabawa kabla mkewe hajayaona, na mkewe anapiga. Majirani waliokuwa wakitabasamu pembeni mwanzoni, sasa wanakuja kumwomba awalindie na mashamba yao. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya barabara alimwomba ampeleke dukani amchagulie yake. Mama mdogo alimpa kwanza mpini wa jembe.

Mwezi uliopita nililala kwao, asubuhi nikawafuata. Umande ulikuwa bado kwenye majani. Baba mdogo akainua kichwa. "Kulia, watatu. Wanakuja chini."

Niliwaona njiwa wakiibuka juu ya alizeti, wamenona, wanaruka taratibu, karibu kabisa. Mama mdogo akainua bunduki, ikamkaa begani kama imeota pale. Mitutu ikawafuata. Nikaziba masikio.

Hakufyatua. Akaishusha, akaifungua, akatoa risasi zote mbili akazitia mfukoni mwa aproni.

"Vipi?" baba mdogo akauliza.

"Nyuma yao kulikuwa na paa la jirani."

Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali, wakaendelea kutembea kuelekea mwisho wa shamba, yeye na fimbo yake, mkewe na bunduki iliyo wazi mkononi, wakibishana kama njiwa wale walikuwa watatu au wanne.