Kabati Lililogoma Kutoka

Akiru alikaa mtaa wa Bulapesa miaka kumi na minne, katika chumba kimoja cha ploti ya Habsa Bile, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kufikiria kuhama. Alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa mlangoni, naye akaketi mgongo ndani, miguu nje, na watu waliokuwa wakienda sokoni walimwachia suruali za kupunguzwa bila hata kusimama vizuri. Mumewe, Lodio, alikuwa seremala. Alifariki mwaka wa sita wa kukaa pale, akamwachia binti mmoja, Velma, na kabati.

Velma alisoma, akawa muuguzi Meru. Mwaka jana alikuja likizo, akamkuta mama yake akibeba mtungi wa lita ishirini kutoka kwa mfereji wa ploti, mkono mmoja kiunoni. Akasema imetosha. Siku tatu alizimaliza kwenye simu akitafuta nyumba, hadi akapata gorofa mpya upande wa Kiwanjani: sebule na chumba cha kulala, maji ndani, sakafu ya vigae. Kodi angelipa yeye, pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja. Hesabu yake ikaishia hapo, akarudi kazini.

Msimamizi wa gorofa aliitwa Ewesit, mtu mpole. Alimkaribisha Akiru kwa heshima, akamvutia kiti, kisha akafungua kitabu cha risiti. Kulikuwa na dipoziti ya maji, nyingine ya stima, na pesa za takataka za kila mwezi.

"Na elfu moja ya funguo," alisema Ewesit.

"Hata funguo zinalipiwa?"

"Ya mlango ni bure, mama. Ya geti ndiyo inalipiwa."

"Na bila hiyo ya geti nitafika mlangoni aje?"

Ewesit alifikiria kidogo. "Hapo ndipo watu wengi hulipa," akasema.

Akiru alilipa.

Siku ya kuhama alikuja Abdifatah, mpwa wa Habsa, mwenye lori dogo la kupeleka bidhaa Garbatulla. Walikuwa wamekubaliana bei ya jirani.

"Ni gorofa ya ngapi?" aliuliza Abdifatah.

"Ya pili."

"Ya pili ukihesabu ya chini, ama bila?"

"Bila."

"Basi hiyo ni ya tatu," alisema Abdifatah, na bei ya jirani ikapanda ngazi.

Kitanda kilitoka, cherehani ikatoka, masufuria yakatoka. Likabaki kabati. Lodio alikuwa amelitengeneza humo humo chumbani, ubao kwa ubao, mwezi mzima, hadi likakaribia mabati. Hakuna aliyewahi kuuliza litatokaje, kwa sababu hakuna aliyekuwa akienda popote. Abdifatah aliupima mlango kwa shubiri, akapima kabati, akaupima mlango tena, pengine umeongezeka. Wakamwita seremala wa jirani, Erot, ambaye alilizunguka kwa upande mmoja, maana huo mwingine haukuwa na nafasi. Akasema kuna njia mbili tu. Likatwe, ama ukuta uvunjwe.

Wote wakamtazama Habsa.

"Mama Velma," alisema Habsa, "ukuta naweza kukubali uvunjwe. Lakini utanijengea."

Erot alitaja bei ya kujenga ukuta. Akiru akauliza ya kukata.

"Kukata si ghali. Napitisha msumeno hapa katikati, halafu kule nashikanisha na vyuma." Erot alivuta mstari kwa kidole juu ya mlango wa kabati.

Akiru alikitazama kidole hicho kikishuka polepole hadi chini.

"Liacheni," alisema.

"Nitakaa nalo," alisema Habsa. "Halili chakula."

Erot alilipwa mia tatu za kuja kutazama. Akiru akapanda lori, mbele, na nguo zake zikapanda nyuma ndani ya magunia.

Nyumba mpya ilikuwa nzuri, na hakuna siku Akiru alisema vingine. Maji yalitoka Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine mfereji ulitoa upepo. Jiko la makaa lilikatazwa kwa sababu ya moshi, kwa hivyo alinunua mtungi wa gesi, na kwa mwezi mmoja alipika akiwa amesimama mbali. Mapazia yake yote yaliishia katikati ya madirisha. Jirani wa chini, mtu wa ofisi, alituma ujumbe kupitia Ewesit kwamba cherehani inamtikisikia kichwani. Akiru akaitandikia blanketi.

Lakini cherehani ilizidi kunyamaza yenyewe. Mtu wa kupunguza suruali hapandi ngazi. Mzee Emuron, mteja wake tangu zamani, alifika mara moja, akasimama getini akiita. Akiru alishuka na futi, akampima hapo hapo kati ya magari, mlinzi akitazama. Suruali ilipokuwa tayari, mzee alimtuma mtu aichukue, na hakuleta nyingine.

Mwezi wa pili Akiru alishikwa na malaria. Siku ya kwanza alidhani ni uchovu. Siku ya pili hakuweza kuinuka kuchaji simu. Alisikia milango ya majirani ikifungwa asubuhi na kufunguliwa jioni, na hakujua jina la hata mmoja ambaye angemwita. Kule Bulapesa, kama mlango wake ungekuwa bado umefungwa jua likitoka, Habsa angeugonga akiuliza kama wamegombana. Akiru alilala akitazama dari, ambayo ilikuwa nyeupe na safi kabisa.

Siku ya tatu mlango uligongwa. Alikuwa Habsa, na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Alikuwa amepumzika mara mbili kwenye ngazi na alikusudia kulizungumzia jambo hilo. Alipomwona Akiru ameshika ukuta, aliweka chupa chini, akampigia simu Abdifatah alete gari.

"Sitaki kusumbua," alisema Akiru.

"Umeshasumbua. Vaa viatu."

Hospitalini alipewa dawa na kutundikiwa maji ya mshipani. Habsa alikaa kando ya kitanda hadi Akiru akaweza kunywa chai, ndipo akatoa habari iliyomleta. Chumba kimepata mpangaji, mwalimu kutoka Kinna.

"Ameipenda hiyo kabati. Nimemwambia chumba kiko na fanicha, akaongeza mia tano. Hiyo mia tano ni yako kila mwezi."

"Kabati ni ya Lodio."

"Lodio hana laini ya simu. Nitatuma kwako."

Akiru aligeukia ukuta. Habsa alidhani homa imerudi, akamgusa paji la uso, kisha akaelewa na kuondoa mkono.

Walipotoka, Habsa alisema baraza lake la mbele halina kazi asubuhi wala jioni. Wiki hiyo hiyo lori la Abdifatah lilirudisha cherehani Bulapesa. Kushuka ngazi ni bei rahisi kuliko kupanda, alieleza Abdifatah, lakini si sana.

Tangu hapo Akiru hulala Kiwanjani na kushona Bulapesa. Kila asubuhi hupanda boda boda, na kila jioni hurudi nayo.

Velma alikuja Pasaka, akakuta nyumba imefungwa, akaelekezwa na Ewesit. Alimkuta mama yake barazani, vitambaa vimejaa mapajani, watu wawili wakingoja. Alikaa kwenye benchi.

"Mama, si ungeniambia tu. Turudi huku basi. Habsa anaweza kukutafutia chumba kingine."

"Kuhama?" Akiru alikata uzi kwa meno. "Kwa pesa gani?"

Akampa ncha ya kitambaa, akamwambia aivute inyooke.