Kioo cha Upande wa Mama Mkwe

Wenzake wa pikapu za mizigo walimwita Matambara, na jina lilimkaa. Gari lake lilikuwa kuukuu, la viti viwili, na feni ya kupuliza kioo cha mbele ilikufa zamani, yeye akiwa bado na nywele kichwani. Mvua ikinyesha, kioo kiliingia ukungu hadi asione boneti yake mwenyewe. Alikisugua kwa sabuni kavu, kikatulia kidogo kisha kikarudia tabia yake. Akajaribu kiazi kilichokatwa, akaambulia michirizi na kicheko cha mkewe. Soksi aliyoijaza chumvi na kuiweka juu ya dashibodi ilisaidia, ila ilinuka soksi. Mwishowe akatunga sheria: siku ya mvua, kila anayepanda apumulie kitambaa, asiyetaka akae nyuma na mizigo. Watu walimcheka lakini wakatii, maana barabara ya kuteremkia mjini ilikuwa na kona kali, na bonde lake halikuwa na mchezo.

Alasiri moja mama mkwe wake alibanwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Hospitali ilikuwa mjini, na mkewe alikuwa kazini huko huko. Matambara akamshika mama mkono, akamketisha kando yake, akapandisha vioo vya milango kwa sababu baridi ilimzidishia, akawasha gari. Aliogopa tangu alipokanyaga klachi. Mama huyu akimfia njiani, angemtazama mkewe kwa macho gani?

Yeye mwenyewe, kwa kuona mawingu, alijifunga kitambaa chake mdomoni. Habari ya sheria hakuigusa, kwani mama mkwe haamrishwi.

Mvua ikawakuta kwenye mteremko. Kifua cha mama kilipiga filimbi, na kwa kila filimbi kioo cha upande wake kikawa cheupe pe, weupe ukatambaa hadi mbele ya usukani. Matambara aliinama, akafuta kwa mkono mmoja huku mwingine ukigeuza usukani. Ukungu ukafutika, ukarudi. Kwenye kona moja tairi likakwaruza kokoto za ukingoni na gari likayumba. Jasho lilimtoka mpaka viganjani.

"Sioni njia kabisa," alijisemea, lakini kwa sauti.

Akafuta tena, na safari hii ukungu haukurudi. Alingoja urudi, wapi. Barabara ikaonekana yote, mistari yake, maji yakikimbia pembeni. Matambara akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akaongeza mwendo kidogo. Alikuwa ameshapita kona nyingine ndipo alipogundua kwamba ile filimbi haisikiki.

Hakuthubutu kugeuza shingo mara moja, aliogopa atakachokiona.

Mama mkwe alikuwa amejiziba pua na mdomo kwa mtandio, ameukandamiza kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Matambara akakanyaga breki, akaegesha palipokuwa na nafasi, akauvuta ule mtandio bila hata kuomba radhi. Midomo ya mama ilikuwa imeingia weusi.

"Mama, unafanya nini?"

Jibu lilikuja vipande vipande. "Umesema... huoni... njia."

Alitaka kulia, ila hapakuwa na wakati wa kulia. Akamkalisha wima na kumwegemeza vizuri, akaitupa ile soksi na kitambaa chake sakafuni.

"Pumua, mama. Nakuomba. Kioo niachie mimi."

Filimbi ikarudi, nyembamba. Wakaendelea kushuka polepole, Matambara akifuta kwa kiganja tundu la kuchungulia upande wake tu. Upande wa mama hakuugusa. Aliutazama kuliko alivyoitazama barabara, na kila weupe wake ulipopungua aliita, "Mama?"

Mama mkwe hakuwa tena na nguvu ya kusema. Alisogeza uso mbele, akakipulizia kioo.

Matambara aliita hivyo mteremko mzima, na mteremko mzima akajibiwa. Walipofika hospitali mlinzi alikuja mbio na machela, akashangaa gari limefikaje hapo na kioo kimeziba namna ile, akanyoosha mkono na kitambaa amsaidie kufuta kwa ndani.

"Usikiguse," Matambara alimwambia. "Mtoe mama kwanza."