Sahani Katikati ya Meza

Ukumbi huu wa vyakula una viyoyozi na vibanda vya vioo, lakini harufu ya mlenda wa karanga kutoka dirisha la mwisho ndiyo iliyonivuta nikaketi.

Nilikuwa mdogo, nimemsindikiza bibi mjini kutoka kijijini kwetu Mtinko. Siku hizo mama lishe ndio kwanza walikuwa wameruhusiwa kuweka mabenchi yao karibu na stendi, na bibi hakuwa amewahi kula chakula cha kununua. Tulipoletewa ugali wa uwele na mlenda, alinawa, akaisogeza sahani yetu katikati ya meza, akawaambia wote waliokuwa pale, "Karibuni tule."

Hakuna aliyesogea. Kila mtu alikuwa na sahani yake. Kijana mmoja akacheka, nami nikaona aibu.

"Bibi, hapa kila mtu anakula chake," nikamnong'oneza.

"Kwa hiyo tule wenyewe kama wachawi?"

Akakaa hivyo hivyo, mkono umelowa, ugali unapoa. Njaa iliniuma, nikamchukia kidogo.

Kisha mama lishe aliyetuletea chakula akaacha moto wake, akanawa, akaketi nasi. "Nimekaribia, bibi." Akamega tonge moja, akachovya, akala taratibu. "Asante. Mlenda wako mtamu."

Alikuwa ameupika mwenyewe.

Hapo ndipo bibi akala.

Meza yangu leo ina viti vitatu vitupu. Jirani zangu wa meza nyingine wanatazama simu. Nimeshanawa, sahani nimeisogeza katikati, na ugali unaanza kupoa.